Chumvi ya Kikojozi

Nilipokuwa mtoto kule Kasoli, kila mtu alijua kwamba mtoto anayechezea moto atakojoa kitandani. Bibi mzaa mama alituonya kila msimu, pamba ikishavunwa na miti yake kung'olewa ichomwe shambani. Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Tuliruka juu ya moto ule mpaka pindo za magauni zikaungua.

Msimu mmoja mama aliugua. Nilipelekwa Dutwa kwa mama mdogo, na niliporudi nikaambiwa mama yuko Mwanza kwa matibabu, atarudi. Kitanda chake kilikuwa kimetolewa ndani. Sikuuliza. Usiku ule ule nikakojoa, mtoto mzima wa darasa la tatu, na kesho yake tena.

Bibi aliuliza kama nilichezea moto. Nilikubali, maana ilikuwa kweli, na moyoni nikaongeza langu: huenda hata mama aliugua kwa sababu ya moto ule. Nikawa sinywi maji tangu mchana. Haikusaidia. Niliona aibu mpaka nikatamani kulala zizini na ndama, maana wao hakuna anayewauliza.

Dawa ya kikojozi ilikuwa kujitwika blanketi lililolowa asubuhi na kupita mji kwa mji ukiomba chumvi. Watoto wenzangu walinifuata wakiimba, na walioimba kwa sauti kubwa ndio niliokuwa naruka nao moto. Bibi hakuwa katili. Alinipa dawa aliyoikuta, na alinipenda.

Katika mji wa jirani yetu mmoja, mama wa makamo, nilipiga magoti nikamwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu. Naomba chumvi."

Hakucheka. Alinimiminia kiganjani, kisha akamgeukia binti yake. "Huyu si wa kupewa chumvi," alisema. "Tangu wamzike mama yake, nani amekaa naye?"

Nilibaki pale pale, chumvi ikilowa jasho la kiganja. Yule mama aliponitazama usoni akajua kwamba nilikuwa sijaambiwa. Nami nikamshukuru kwa adabu, kama nilivyofundishwa.

Nyumbani bibi aliuliza kama nimepata. Nikasema nimepata. Nisingeweza kusema zaidi ya hapo bila kumwita mwongo mtu anayenilea. Aliendelea kuniambia mama atarudi, nami nikaendelea kuitikia, mpaka wote wawili tukaacha kumtaja. Kukojoa kulikuja kuisha baada ya muda mrefu, na bibi akaisifu chumvi.

Sasa nina watoto wangu hapa Bariadi mjini. Naelewa kwamba walinificha kwa huruma. Kwetu msiba ni mzigo wa wakubwa. Lakini juzijuzi wifi yangu alifariki, na wazee wakataka mwanawe apelekwe Shishiyu mpaka tumalize kuzika. Nilimvuta mtoto pembeni nikamwambia, "Mama amekufa. Kesho tutamzika, na wewe utakuwepo."

Alilia sana. Mimi nikalia kumzidi, mpaka wanawake wakaja kunishika, wakisema kweli nilimpenda wifi yangu. Niliona aibu kuwasahihisha. Nilikuwa namlilia mama.