Picha ya Malezi Bwaloni

Mdogo wangu wa kike alisimamishwa masomo wiki mbili kwa kosa la kuruka ukuta wa shule na wenzake wanne, kwenda kuangalia picha kwenye kibanda umiza cha video mjini Same. Wiki mbili zilipokwisha ikaja barua ya mkuu wa shule. Ili arudi darasani, afike na mzazi wake kwenye semina ya malezi, ambako wazazi na wanafunzi wangeangalia pamoja picha maarufu ya zamani kuhusu vijana watukutu na wazazi wao. Niliisoma nikiwa nimekaa kwenye kizingiti cha jiko, nikairudia. Mtoto amefukuzwa kwa kuangalia picha, na dawa aliyoandikiwa ni picha. Watu wenye shahada walikaa kikao wakakubaliana hivyo.

Mimi niliishia kidato cha pili. Baba alitangulia, mama akamfuata mwaka uliofuata, na kwa kuwa mimi ndiye mkubwa kati ya watatu, nilivua sare nikashika jembe. Nyumbani ni Suji, juu milimani, ambako maji ya mashamba hukusanywa kwenye ndiva na kila kaya hupewa zamu ya kufungulia. Kwenye daftari la ndiva kaya yetu imeandikwa kwa jina langu tangu nina miaka kumi na saba. Hakuna aliyeniuliza baba yangu yuko wapi. Waliniuliza kama nitafika siku ya kuzibua mfereji, na nilifika.

Shuleni kuna daftari jingine. Baada ya kumzika mama, kikao cha ukoo kilimwandika baba mdogo kuwa mlezi wetu. Baba mdogo ana duka la vifaa vya ujenzi huko Same. Aliupokea ulezi huo kwa machozi mbele ya wazee, akashuka na ng'ombe wetu wawili ili atutunzie, na tangu hapo ulezi wake umekuwa wa kutuma salamu.

Siku ya semina nilishuka na mdogo wangu alfajiri. Tulimkuta mwalimu wa zamu mlangoni mwa bwalo, na orodha mkononi.

"Wewe ni nani yake?"

"Mlezi wake."

Alinitazama kuanzia viatu. "Una miaka mingapi?"

"Ishirini na nne."

"Tumeandika mzazi, kijana. Hatukuandika kaka wa kumsindikiza. Kwenye faili mlezi ni baba yake mdogo. Nimeshampigia, anakuja. Wewe kaa tu, usikilize."

Nikakaa. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi ya wanafunzi ili mwanga usiingie, na kwa joto la Same tuliiva humo kama makande. Picha ilikuwa ya Wamarekani, kwa Kiingereza, na aliyetutafsiria ni mtaalamu wa malezi aliyeletwa kutoka mbali, mwenye suti na kipaza sauti. Kila waigizaji walipoongea dakika nzima yeye alisema sentensi moja: "Hapa kijana anaonyesha msongo." Mtafsiri wa kibandani, yule aliyewaponza wanafunzi watano, angetutendea haki zaidi. Yule angalau huwapa watu sauti.

Kijana mwenyewe ana baba, ana mama, ana nyumba ya ghorofa na gari lake binafsi. Analia kwamba hakuna anayemwelewa. Mama mmoja wa kutoka Kighare, aliyekaa nyuma yangu, hakuweza kunyamaza.

"Analia nini huyu? Si ana gari?"

"Shoga, labda halina mafuta," akajibu mwenzake.

Baadaye vijana wakashindana kuendesha magari kuelekea ukingo wa genge, waone nani ataogopa kwanza. Kwetu genge lipo karibu kila kona ya njia, na hatujapata mtu wa kuliendea kwa makusudi. Nilimsikitikia zaidi aliyenunua yale magari.

Kisha akatokea baba wa yule kijana amevaa aproni, amepiga magoti, anaokota chakula alichokimwaga sakafuni. Mwanawe anamtazama kwa aibu kama mtu aliyemkuta mzazi wake akiiba. Mtaalamu akasimamisha picha hapohapo.

"Wazazi wenzangu, chanzo ni hiki hapa. Mwanaume aliyegeuka mama. Mtoto akishamwona baba hivi, kwisha habari yake."

Bwalo zima likaangua kicheko. Wanaume ambao wake zao ndio waliowafulia mashati waliyovaa walicheka mpaka wakapigana mabega. Mimi nimepika kwa miaka saba nimejifunga kanga ya mama kiunoni, kwa sababu moshi na masizi huharibu suruali, na suruali ninayo moja ya maana. Nimewafunda wadogo zangu wawili nikiwa nimevaa hivyo. Nilimtazama mdogo wangu. Hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa, anabandua rangi ya meza kwa ukucha.

Sikuumia. Niliwahesabu tu wale waliocheka, nikajiuliza ni wangapi wanajua watoto wao wanavaa viatu namba ngapi.

Baba mdogo aliingia wakati mablanketi yanashushwa na soda zinagawiwa. Alikuwa na koti na kalamu mbili mfukoni. Nikamwamkia.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Mmeshamaliza? Foleni dukani ilinishika."

Mtaalamu akawaomba wazazi wasimame mmoja mmoja, kila mtu aseme neno kuhusu mtoto wake. Baba mdogo alisimama wa pili, bila kuitwa.

"Huyu binti yangu yuko kidato cha pili," alisema. Mdogo wangu yuko cha tatu. "Nimemlea kwa jasho langu. Alipotea kidogo, lakini mimi kama baba nimesimama imara. Huyu atakuwa daktari!"

Wakampigia makofi. Mtaalamu akampa mkono. Yule mama wa Kighare akasema kwa sauti kwamba baba wa namna hiyo ni wa kuombewa.

Mwalimu wa zamu alipoleta fomu ya kumrudisha mtoto darasani, baba mdogo aliishika, akaikunja, akanivuta kando.

"Nitasaini, lakini si leo. Shangazi yako aliyekuwa akitusaidia dukani kaondoka, mke wangu kachoka. Mtoto akae kwangu mpaka mwakani, asaidie dukani. Shule haikimbii."

Mdogo wangu alisikia. Uso wake ulikauka, hata kulia alishindwa. Ningeweza kumkumbusha baba mdogo habari za ng'ombe, na tungegombana mpaka jioni, na fomu ingebaki imekunjwa. Nikapaza sauti, kwa heshima zote, kiasi cha kusikika benchi la mbele.

"Baba mdogo, mwalimu anakusubiri. Umesema binti yako atakuwa daktari. Wazazi wamefurahi sana."

Mtaalamu akageuka, anatabasamu. Mama wa Kighare akageuka pia, na soda yake. Baba mdogo akawatazama, akanitazama. Ikabidi akunjue fomu, atoe kalamu na kutia sahihi ndefu yenye mikia miwili. Wakampiga na picha ya ukumbusho.

Tulipofika kwenye mlango wa darasa, mdogo wangu alinivuta mkono kwa hasira.

"Kaka, kwa nini umemwachia? Wote wanadhani yeye ndiye aliyenilea."

"Ulikuwa unataka nisifiwe mimi au unataka shule?"

"Nataka wajue."

"Watajua nini? Umewaona. Walikuwa wanamcheka mtu anayeokota chakula." Nikampa mfuko wake. "Ingia, somo limeanza."

Akaingia. Sikuondoka mpaka nilipomwona amekaa na kufungua daftari. Njiani kutoka, mwalimu wa zamu alinikumbusha kwamba mwisho wa muhula kuna kikao kingine, na mlezi halisi ahudhurie. Nilimwambia asijali, nitamleta. Nitamleta kila watakapomhitaji, kama mtu anavyobeba mhuri: unaugonga kwenye karatasi, unaurudisha kwenye boksi, unaendelea na kazi.