Mvua ya Kwa Jirani

Jirani yangu wa hapa Chapwa, ambaye banda lake la gemu linatazamana na langu, hawashi mashine mpaka azibe dirisha kwa blanketi. Kisha anafuta kioo cha runinga taratibu, kama anayemfuta mtoto uso, anapunguza mwanga kidogo, anarudi nyuma, anakodoa macho. "Subirini," anawaambia wateja kwa ile sauti yake ya chini inayonikera, "jua bado halijakaa vizuri." Jua! La kwenye gemu! Nao wanasubiri, huku mabenchi yangu yako matupu. Mashine yake mpya aliitoa ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Wachezaji wa kwenye gemu yake wana vivuli vinavyorefuka jioni. Wangu wanakimbia juu ya doa jeusi kama oili iliyomwagika. Nilikuwa nasema ni mbwembwe tu. Halafu juzi mchana mke wangu, Ketrina, akaenda kwake kuazima ungo. Alichungulia mle gizani, akaona matone yakitiririka, akatoka mbio kuja kuanua mahindi tuliyoyaanika uani. "Baba Lwitiko, toka, mvua!" Nikatoka. Jua lilikuwa linachoma. Mvua ilikuwa inanyesha kwenye gemu ya jirani. Wateja wake walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye hakucheka, alikuja, akapiga magoti, akaanza kuyatandaza upya mahindi yetu kwa vidole vyake virefu. "Samahani, mama," alisema. Kwangu mvua ya gemu inanyesha miaka yote, na Ketrina hufagia mbele yake bila hata kuinua macho.