Jani la Sale na Karatasi ya Nne

Najua shuleni bado mnanicheka, na nyumbani ndiyo kabisa hakuna anayecheka, basi ngoja niseme mwenyewe kabla hamjazidisha chumvi: aliyemwaibisha baba mdogo mbele ya wazazi wote ni mimi, kwa jani moja tu.

Tulikuwa kidato cha pili, mwalimu wa Jiografia akanipa kazi ya kuandaa mchezo wa kusaka (nadhani alinichagua ili kwa siku moja nisimvurugie kipindi). Kila karatasi ilikuwa na swali, na chini yake namba za siri, moja ni A, mbili ni B, za kuonyesha karatasi inayofuata imefichwa wapi, zawadi atlasi. Karatasi ya nne nikaipeleka getini kwa baba mdogo, ng'ambo tu ya uzio wa shule, lakini upepo wa mlimani ukawa unaipeperusha, gundi sina, uzi sina, nikachuma jani la sale pale mpakani, nikaiviringisha ndani, nikapiga fundo, nikalining'iniza kwenye komeo. Nikajiona nina akili!

Sasa, Mchagga gani hajui kwamba sale lenye fundo likiletwa kwako, kuna mtu anakuomba msamaha, na si vizuri kumkatalia? Nilijua. Nilisahau tu (kichwa kilikuwa kwenye maziwa na milima). Na baba na baba mdogo walikuwa hawajasalimiana tangu babu afe, kisa mistari minne ya kahawa ya urithi.

Siku hiyo hiyo wazazi walikuwa na kikao uwanjani, nami nimesimama pembeni nasubiri vikundi. Mara namwona baba mdogo anaingia, kavaa koti la kanisani, jani kalishika kwa mikono miwili, moja kwa moja hadi kwa baba.

"Kaka, nimelikuta. Yameisha."

Na analia, jamani, mtu mzima.

Baba akalitazama lile jani. Hapo hapo Aneti wa darasani kwetu akaja mbio na kundi lake, wamemfuata baba mdogo toka getini kwake: "Shikamooni! Samahani baba, hiyo ni ya kwetu!" Akalichukua, akafungua fundo, akasoma kwa sauti: "Mlima wa pili kwa urefu Afrika ni upi?"

Uwanja mzima ukacheka. Wa kwanza nilikuwa mimi (nikiogopa huwa nacheka, ni ugonjwa).

Baba mdogo akamuuliza baba taratibu, "Kwa hiyo si wewe uliyeleta?"

Neno moja tu lingetosha, hata la uongo. Baba akasema, "Niombe msamaha wa nini?"

Mama mdogo, mke wa baba mdogo, alikuwa akimpitishia mama maziwa juu ya uzio wa nyumbani, kimya kimya. Tangu siku hiyo hayaji. Nilikwenda kuomba radhi, baba mdogo akanijibu toka ndani, mlango haukufunguliwa: "Wewe ulikuwa unacheza, mwanangu. Baba yako ndiye hakuwa anacheza."

Nimeapa, kitu wanachokiheshimu wakubwa sikichezei tena. Ila baba mdogo alisema kweli, na kweli hiyo siwezi kuitamka nyumbani, ndiyo maana nawaambia ninyi.