Dawa Iliyotolewa Kimya

Mwaija binti Abeid alikuwa mshona kofia, na asiyemjua amwulize mzee yeyote wa Mwanza aliyeiona miezi ile ya kuelekea uhuru. Kila mwanamume mwenye kichwa alitaka kofia mpya ya kuvaa siku bendera itakapopanda. Mwaija, mjane wa miaka arobaini na ushei, alikaa kibarazani na sindano yake tangu jua linachomoza, akitoboa na kuzungushia uzi vitundu vya kofia za viua mpaka machozi yakamtoka. Uhuru ukaja, watu wakacheza ngoma, kofia zake zikapendeza vichwani. Yeye akabaki na shingo iliyokataa kugeuka na mkono wa kulia uliokufa ganzi mpaka sindano ikawa inamdondoka.

Miaka saba alivumilia. Alikandwa, akachuliwa, akameza vidonge vilivyomtuliza nusu siku tu. Kwa hiyo waliposikika madaktari kutoka China wamefika hospitali ya mjini, naye akaenda kupanga foleni, nusu kwa matumaini na nusu kwa kuchungulia.

Daktari alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye Kiswahili cha kuungaunga. Kilipokatika, muuguzi Eugenia, binti wa Kihaya kutoka Bukoba, alimmalizia. Cha kushangaza, daktari hakuugusa mkono unaouma kwanza. Aliweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono mwingine, akayasikiliza mapigo kwa muda mrefu, kisha akahamia wa pili. Akamwambia atoe ulimi, akaangalia rangi na utando wake. Akauliza kama analala vizuri, kama mikono inapoa siku za mvua, kama kuna vidonge vyovyote anavyotumia, kama ana mimba.

"Mimba, mwanangu?" Mwaija akacheka. "Labda ya kofia!"

Eugenia hakucheka. "Kila mwanamke anaulizwa, mama. Humu mna dawa zinazoweza kuiharibu."

Akapewa pakiti za mizizi na magome yaliyokatwakatwa. Katika kila pakiti mlikuwa na kikaratasi cheupe, na ndani yake vipande vyeusi, vyembamba. Eugenia alivishika kwa ncha za vidole.

"Hivi ndivyo vitakavyokutoa baridi mifupani, na ndivyo vinavyoua. Vichemshe peke yake kwanza, katika chungu cha udongo, muda wa saa mbili nzima, maji yatokote. Halafu chovya ncha ya ulimi tu. Ukihisi ganzi, bado havijaiva, endelea kuchemsha. Vikishaiva ndipo utie hizi nyingine. Ukinywa kisha midomo ikafa ganzi au moyo ukaenda ovyo, usingoje kesho, njoo. Na hii amepimiwa mama Mwaija. Usimpe mtu, hata kama mnaumwa ugonjwa mmoja."

Mwaija aliyashika yote. Tena alikuwa mtu wa kushika. Mshona kofia asiyehesabu vitundu atavalisha watu vichekesho. Alinunua chungu kipya, akachemsha kama alivyoagizwa, akarudi kupimwa kila alipoitwa. Mwezi wa pili sindano ikakaa mkononi, na shingo ikaanza kumsikiliza.

Sasa ndipo tunapofika kwenye ujinga wake, na sitaupaka sukari.

Ukoo wa Mwaija ulikuwa na mwiko uliotoka kwa bibi yake: dawa ya mizizi haisemewi. Anayetoa hutoa kwa mkono wa kulia bila neno; anayepokea hashukuru wala haulizi. Ukiisemea, waliamini, nguvu yake inabaki mdomoni mwako. Na kumnyima mgonjwa dawa iliyomo nyumbani mwako ilikuwa aibu kuliko kumnyima maji.

Alhamisi moja alasiri akaja Ng'washi, mkwewe wa Buswelu, mama yake Shimba aliyemwoa binti wa Mwaija. Hawa wawili walipendana, jambo ambalo kati ya wakwe si la kila nyumba. Ng'washi alikuwa na magoti mabovu. Kukaa kulimchukua dakika nzima. Akamwona mwenzake anashona, anageuza shingo huku na huku. Alikitazama chungu, kisha akaweka viganja vyake juu ya magoti.

Mwaija alielewa. Maneno ya Eugenia yalimjia yote, moja baada ya jingine. Yakamjia pia macho ya bibi yake. Akaingia ndani, akatoka na pakiti mbili, akazitoa kwa mkono wa kulia bila neno. Ng'washi akazifunga kwenye pindo la kanga, wakarudi kwenye mazungumzo ya bei ya dagaa.

Ijumaa asubuhi Mwaija aliinjika chungu chake. Mkaa ulikuwa umeloa kwa mvua, ukawa unatoa moshi tu, na maji hayakutokota sawasawa. Muda ulipotimia akachovya ncha ya ulimi, kama kawaida yake.

Ulimi ukachomachoma, ukafa. Midomo ikawa kama inatembelewa na sisimizi. Alitema, akasukutua, akatema tena. Haikuwahi kumtokea. Alisimama na kata mkononi akiwaza kuhusu ule mkaa, na hapo wazo la pili likamjia, akaiweka kata chini.

Ng'washi hakuwa mtu wa kuchemsha. Kwao mizizi hulowekwa kwenye kibuyu kwa maji baridi usiku kucha, kikombe kikanywewa alfajiri kabla ya kula. Mwaija alikuwa ameliona jambo hilo kwa macho yake, zaidi ya mara moja.

Aliogopa. Na haya ninayasema kwa sababu mwenyewe aliyasema baadaye: wazo lililofuata halikuwa zuri. Hakuna aliyeniona nikimpa. Watasema nimemlisha mkwe wangu sumu, binti yangu atarudishwa, mimi mwenyewe nitaitwa mchawi. Nikinyamaza, nani atajua? Alikaa na wazo hilo, hakumbuki kwa muda gani. Kisha akasikia kengele ya baiskeli ya Ngosha, muuza maziwa wa Buswelu, anarudi kwao na madumu matupu, akatoka mbio bila viatu.

"Nipakie, Ngosha! Twende kwa kina Shimba!"

"Mama, na madumu haya?"

"Yatupe!"

Hakuyatupa, aliyafunga ubavuni, akampakia katikati. Njia nzima Mwaija alijishikilia kwenye shati la Ngosha, kila kilima akishuka kusukuma, akiomba Mungu Ng'washi awe amelala sana, awe amesahau, kibuyu kiwe kimepasuka.

Uwanja wa nyumba ulikuwa umejaa watu. Ng'washi alikuwa kwenye mkeka, ametapika, jasho linamtoka na mikono imepoa. Shimba amepiga magoti kando yake. Pembeni wanawake walikuwa wamekwishapata jibu lao.

"Huu ni mkono wa mtu," mmoja alisema, akitazama nyumba ya pili, alikokaa kikongwe mmoja peke yake. Vijana wawili walikuwa wameshaanza kuelekea huko.

Mwaija alifungua mdomo. Ulimi ulikuwa mzito, hajui kwa dawa au kwa hofu. Jana ulikuwa mwepesi na akaufunga.

"Ni mimi," alisema. Hawakusikia. Akapiga kelele: "Ni mimi! Nimempa mimi! Ni dawa, amekunywa bila kuchemsha!"

Watu wakageuka. Shimba alimtazama mama mkwe wake, na kwa mara ya kwanza Mwaija akamwogopa kijana yule.

"Kibuyu kiko wapi?" Mwaija alimwuliza. "Lete kibuyu, lete na karatasi, visitupwe. Daktari lazima avione. Simamisha gari lolote, mwanangu. Utanipiga baadaye."

Lori la pamba liliwachukua hadi mjini. Ng'washi alilazwa juu ya marobota, kichwa kwenye mapaja ya Mwaija, ambaye alishika mapigo ya mkono wake kama alivyomwona daktari akifanya. Yalikwenda, yakasita, yakakimbia, yakasita. Kila yaliposita naye aliacha kupumua.

Hospitalini daktari wa Kichina alikifungua kikaratasi mara moja tu, akasema neno fupi, na watu wakaanza kukimbia. Mchana wote waliushughulikia moyo ule. Mwaija alikaa barazani miguu mitupu, hakuna mtu wa Buswelu aliyeketi karibu naye. Jioni Eugenia akatoka, macho mekundu.

"Moyo unapiga sawa sasa. Ungenyamaza, tungemtibu malaria mpaka afe."

Mwaija alilia. Hakuna aliyempiga.

Siku ya pili aliruhusiwa kuingia. Ng'washi alikuwa ameegemezwa kwenye mto, uso umemsinyaa.

"Ulimi ulikufa nikiwa na kikombe mkononi," Ng'washi akasema. "Nikajua, dawa ya mkwe wangu ina nguvu. Nikamalizia."

Mwaija hakuweza kumtazama.

"Wewe ulikuwa unajua inavyotumika?"

"Nilikuwa najua."

"Yote?"

"Yote, mkwe wangu. Chungu, saa, ulimi. Na kwamba nisimpe mtu."

Ng'washi alifumba macho. Nje, gari la wagonjwa lilikuwa linarudi nyuma, mtu akipiga kelele lisimame.

"Haya niambie sasa," alisema, macho bado yamefumbwa. "Sema kwa sauti, na hao wa vitanda vingine wasikie."

Mwaija akasogeza kigoda, akafuta uso kwa kanga, akaanza na chungu.