Bibi alikwenda kumwombea Suleiman

Leo nimemdanganya bibi yangu, na uwongo wangu ndio uliomrudisha kwenye mswala.

Mdogo wangu Suleiman yumo kwenye timu ya taifa ya mpira wa kikapu, wako mashindano ya dunia. Mechi zote kakaa benchi. Ya leo ndiyo ya mwisho, na tumefungwa zote.

Huku nyumbani, mjini Ibra, tumejaa sebuleni mbele ya televisheni, kahawa inapoa, hakuna anayeinywa.

Ikaadhiniwa alasiri. Bibi akainuka.

"Nakwenda kusali, nimwombee aingie."

Wallahi, bado yuko chumbani anasali, kocha akamwita Suleiman.

Mpira wa kwanza akanyang'anywa. Wa pili akawapa wapinzani mkononi. Kocha akamtoa, hata dakika haikutimia. Akajifunika taulo usoni.

Baba akazima televisheni.

Mara bibi mlangoni.

"Kaingia?"

Tukatazamana. Mimi ndiye mjukuu mkubwa, nikajibu, "Bado, bibi."

"Basi mechi ijayo, inshallah."

Akachukua tasbihi, akarudi ndani. Mpaka sasa ninapoandika, anaombea mechi ambayo haipo.

Mwenye moyo wa kumwambia aje, mlango uko wazi.