Amelala Tu

Wewe, umewahi kuambiwa mtu amelala, ukakaa kumsubiri aamke?

Mama Dobi amewahi. Mumewe alikuwa dereva wa lori, mtu wa kuchelewa kila mahali. Hata siku ya harusi yao bibi harusi ndiye aliyetangulia kufika. Alipofia hospitalini, muuguzi alimwambia mkewe kwa upole, "Mzee amelala, mama." Naye akashukuru, akaketi kwenye benchi na chupa ya chai, akawanyamazisha wapita njia wasije wakamwamsha. Chai ikapoa.

Tangu hapo maneno laini hayataki. Anafua na kupiga pasi nguo za jengo letu zima katika chumba cha chini, na ulimi wake ni wa moto kuliko pasi. Ukimpelekea shati lisilo na vifungo atakuuliza, "Baba, ulipigana na nani, na kwa nini ulishindwa?"

Mbele ya mlango wake kipo kichaka alichokipanda marehemu. Ni jamaa ya kunde, utakijua kwa maganda yake. Miti mingine ikichanua, chenyewe kimya. Joto likishakatika na wenzake wakaanza kupukutisha majani, ndipo kinapojitanda maua ya njano. "Huyu ndugu yangu wa damu," marehemu alikuwa akisema. Kwa hiyo Mama Dobi hukiita Shemeji.

Juzi jioni Mwenyekiti wa wapangaji, ambaye ni fundi wa kuchomelea, alishuka na panga. Alitaka pale pajengwe kibanda cha pikipiki. Akainua tawi moja. Majani yalikuwa yameinama, yamekunjana mawili mawili.

"Mama, hiki kimekufa. Hizi kuni."

"Hajafa. Amelala. Giza likiingia hukunja majani, asubuhi anaamka."

"Na kukoroma anakoroma?" akadakia mpangaji mmoja. Watu wakacheka.

Mimi, mwanafunzi wa chuo, nikaja juu. Nikauliza ni haki gani hii, pikipiki ipewe kivuli na binadamu anyang'anywe chake. Swali hilo nalirudia hapa, maana halijajibiwa. Mwenyekiti alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, chuo kimeshafunga. Pumzika."

Mama Dobi akalishika tawi lile.

"Baba, neno hili nilishadanganywa nalo. Siwezi kumdanganya nalo mtu mwingine. Nikisema amelala, amelala. Njoo asubuhi. Asipoamka, matawi nitakushikia mwenyewe ukate."

Mwenyekiti akalitazama panga lake. "Haya. Asubuhi."

Asubuhi nilishuka na mswaki mdomoni, nikakuta nusu ya jengo imenitangulia. Mama Dobi alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, chupa ya chai miguuni, macho mekundu. Mwanga ulipoteremka ukutani, majani yakaanza kuachana, jozi baada ya jozi, mpaka kichaka kizima kikawa kimekunjuka.

Mwenyekiti akakuna kichwa. "Kweli kimeamka."

"Basi msalimie."

"Nani?"

"Shemeji. Mtu akiamka si husalimiwa?"

Mwenyekiti akatazama huku na huku, panga kalificha mgongoni.

"Habari za kuamka, Shemeji."

Jengo zima likaangua kicheko, yeye mwenyewe akiwemo. Mama Dobi akafungua chupa, akammiminia kikombe. Chai ilikuwa bado ya moto.