Alikuja Kunipima

Kila anayemwota marehemu huanza kwa kusema "usiku ule". Mimi sina usiku wa kusimulia. Zubeda alinijia mchana, saa nane na nusu, jua kali, nimejilaza mkekani nyuma ya cherehani yangu, tumbo limejaa pilau na soda mbili za arobaini yake mwenyewe.

Ndiyo, arobaini yake. Asubuhi tulimsomea hitima, tukamwombea, kisha yakapita masinia ya maandazi na chupa za chai iliyotiwa sukari hukohuko jikoni, maana kwetu mgeni haulizwi vijiko vingapi. Sisi ni watu wa mji wa kiwanda cha sukari. Mume wa Zubeda alifanya kazi kiwandani miaka yote, na chai isiyokolea nyumbani kwake ingekuwa aibu. Wanawake walimlilia huku wakijiramba vidole. Nami nilijiramba. Nasema hivi kwa uchungu, na wa kwanza ninayemlaumu ni mimi mwenyewe.

Zubeda alikuwa shoga yangu tangu usichana, na mimi ndiye niliyekuwa fundi wake. Kila Idi nilimpima, na kila Idi futi yangu ya kupimia ilisogea. Sikumwambia hata mara moja, "Shoga, punguza." Nilimwambia, "Umenawiri, mumeo anakutunza," naye akacheka, akaagiza soda mbili, yake na yangu. Magauni yake ya zamani niliyafumua ubavuni nikaongeza kipande. Nilikuwa hodari wa vipande hivyo, hakuna aliyewahi kuuona mshono. Mimi mwenyewe nilihamia kwenye madera. Dera halina kiuno, halimuulizi mtu kitu. Nimewapima wanawake wa mji mzima, lakini sikumbuki mara ya mwisho futi kupita kiunoni mwangu.

Alipoanza kutokwa na damu, ilhali siku zake zilikoma zamani, aliniambia kwa mzaha, "Shoga, nimerudi usichanani." Tukacheka wote wawili. Miezi ikapita. Alipofika hospitali ikaonekana ni saratani ya mfuko wa uzazi, na ilikuwa imeshasambaa. Nilikuwepo daktari alipomweleza. Alisema mafuta yakizidi mwilini huongeza homoni zinazouchokoza mfuko wa uzazi kwa miaka mingi, mtu asihisi lolote. Alisema si kila mnene huugua, na wembamba nao huugua, lakini unene huongeza hatari, na soda na chai za sukari ni njia nyepesi ya kunenepa. Zubeda alimkazia macho kama mtu aliyesingiziwa wizi.

"Daktari, mimi nilipimwa," alisema. "Sina sukari."

"Hilo ni jambo jingine, mama," daktari akamjibu taratibu.

Kwetu sukari ni ile ya kwenye kikombe, na sukari ni ugonjwa. Mtu akipimwa ugonjwa usionekane, hurudi nyumbani akiona ameruhusiwa kikombe. Zubeda aliitembeza karatasi ya majibu yake mtaa mzima. Kila alipoingia kwangu alisema, "Sina sukari mie, nitilie." Nami nilimtilia.

Na kulikuwa na jambo nililomficha kila mtu. Ilikuwa wiki ya tatu, mimi pia naona damu. Hedhi yangu ilikoma miaka sita nyuma. Nilikuwa naokota mabaki ya vitambaa chini ya cherehani, najifunga, kisha alfajiri navichoma kabla binti yangu Tausi hajaamka. Nilijiambia ni uchovu wa msiba. Nilimuuguza mwenzangu mpaka kaburini, nilijua fika damu ile ina maana gani, na bado nilijiambia ni uchovu.

Basi nikapitiwa na usingizi, nikasikia hodi.

Zubeda alikuwa amesimama mlangoni, amevaa lile gauni la zambarau nililoliongezea vipande mara ya mwisho, naye amelijaa. Hilo liliniuma kuliko kumwona tu. Tulipomwosha alikuwa amebaki mifupa. Sasa amerudi na mwili wake wote, mashavu yake, hata ile pete iliyokuwa imegoma kutoka kidoleni kabla hajaugua. Nikataka kumwambia, "Umenawiri."

Majivu meusi ya miwa yanaanguka, kama yanavyoanguka mashamba yanapochomwa kabla ya kuvunwa, ila leo yanaanguka ndani ya chumba, juu ya nguo za wateja. Nahangaika kuyapangusa. Zubeda hajali. Anakaa kwenye kiti cha wateja, na kiti kimekuwa benchi la hospitali, na sote wawili tunasubiri kuitwa, chupa ya chai katikati yetu. Namimina. Chai inatoka nzito, inavutika, haifiki kikombeni.

"Kunywa, shoga," nambembeleza.

Hanywi. Ananitazama kwa macho ambayo hakuwahi kunitazama nayo akiwa hai. Kisha anainuka, anaivua futi shingoni mwangu.

"Leo nakupima mimi."

Nacheka. Namwambia dera halihitaji vipimo. Anaipitisha futi kiunoni mwangu, vidole vyake vya baridi, na mara tuko kwenye kile chumba tulichomwoshea, maji yanatiririka sakafuni, harufu ya udi imejaa, na sijui ni nani kati yetu anayeoshwa. Futi inazunguka lakini ncha hazikutani. Zubeda anainama, anaokota kipande cha kitambaa chini, anakiunga kwenye futi kama nilivyokuwa nikimuunga yeye ubavuni. Nakitambua kipande kile. Kina damu.

Aibu inanishika, na juu ya aibu inakuja hasira. Nampigia kelele. Mbona hukwenda mapema? Mbona ulicheka, ukanifanya na mimi nicheke? Umeniacha na nani? Nasema mpaka pumzi inaniishia. Yeye anasubiri nimalize, ameshika ncha mbili za futi, hana haraka.

"Mimi nilipimwa sukari, Mwajabu," anasema. "Wewe umepimwa nini?"

Hakungoja jibu. Alinirudishia futi shingoni, akaiweka sawa kama mtu anayemfunga mtoto skafu, akatoka bila kuaga.

Nilifumbua macho nikamkuta Tausi ameniinamia, kikombe mkononi.

"Mama, ulikuwa unalia usingizini. Amka unywe chai, nimekukolezea."

Futi ilikuwa shingoni mwangu, pale inapokaa siku zote. Chini ya cherehani kulikuwa na rundo la vipande vya vitambaa, na niliona kwamba lilikuwa limepungua sana. Ningeweza kumwambia nimemwota mama yake mdogo, Zubeda. Tungelia kidogo, tungeinywa ile chai, tungesema Mungu amlaze pema, na mambo yangeishia hapo. Najua, kwa sababu ndivyo tulivyozoea kuyamaliza mambo.

"Weka chini hicho kikombe," nilimwambia. "Kafunge mlango."

Akafunga, akarudi, akakaa ukingoni mwa mkeka.

"Mwanangu, mimi naona damu."

Hakucheka. Mpaka leo namshukuru Mungu kwamba hakucheka. Aliniuliza tangu lini, nikamwambia. Aliniuliza nani mwingine anajua, nikamwambia hakuna. Akalichukua baibui langu msumarini, akanivisha mwenyewe.

Tukatoka. Nyumba ya tatu kutoka kwetu walikuwa wamekaa barazani wanawake waliotoka arobaini, vikombe mikononi, na mmoja wao akaniita kwa sauti ya furaha.

"Mwajabu! Umenawiri wewe! Msiba haujakupunguza hata kidogo!"

Tausi alinishika mkono kwa nguvu. Sikupunguza mwendo. Nilikuwa nakwenda kupimwa.